Jicho Lililotazama Dari

Fundi hakuanzia machoni, alianzia mdomoni. Miaka kumi na mmoja alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha daktari wa meno, akichanganya unga wa pinki na maji yake makali mpaka vidole vikanuka hata siku za mapumziko. Alipohamia hospitali kubwa kutengeneza macho, watani wake walisema, "Huyu bwana anapanda ngazi. Kesho mtamkuta kwenye nywele." Alicheka nao. Moyoni alijua meno na macho ya bandia ni watoto wa baba mmoja: plasta ni ile ile, nta ni ile ile, na sufuria ya kuchemshia kalibu, yaani umbo la plasta, ni ile ile. Tofauti ni kwamba jino likikosewa, mtu hufunga mdomo. Jicho likikosewa, atalifunga na nini?

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja mwisho wa ukumbi mrefu, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi. Meza moja, dirisha moja kubwa, jiko la umeme, na droo ambayo wafagizi waliapa hawataifungua hata kwa dawa. Ndani ya droo mlikuwa na macho yaliyolazwa kwenye pamba, mawili mawili na mengine pekee. "Fundi, haya hayaoni usiku?" waliuliza. "Yanaona," alijibu, "yananiambia nani hafagii chini ya meza."

Wengi hudhani jicho la bandia ni gololi. Wapi! Ni ganda tu, kama kipande cha ganda la yai lakini nene, linaloingia chini ya kope na kukaa. Mboni, ile duara ya kahawia yenye kiini cheusi, Fundi aliichora kwa brashi ya nywele tatu, akikaa goti kwa goti na mgonjwa mbele ya dirisha, kwa sababu taa ya umeme ni mwongo. Vimishipa vyekundu alivitoa kwenye uzi wa hariri, akiuchambua kwa sindano mpaka ubaki unyweleo. Mgonjwa akimwambia jicho langu lina doa la manjano pembeni, alichora na doa. Akina mama walitoka pale wakilia na macho yote mawili, moja kwa machozi na jingine kwa kuigiza, na wakimwita baba hata wale waliomzidi umri.

Alikuwa hodari, na alipenda kuambiwa kwamba ni hodari. Sifa ilimwingia kama sukari kwenye chai. Ukishazoea vijiko vitatu, kimoja husikii utamu wake.

Basi ndipo alipokuja karani wa vifurushi.

Karani alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha foleni. Alifanya kazi posta. Siku moja alikata ule ukanda mgumu wa plastiki unaofungia maboksi, ukanda ukaruka kama nyoka na kumchapa jicho la kushoto. Madaktari walihangaika nalo wiki tatu, mwisho wakalitoa. Alikaa nyumbani miezi mitano. Watoto wa dada yake, aliokuwa akiwalea, walizoea haraka; yeye ndiye aliyeshindwa. Alitundika kanga juu ya kioo.

Mara tatu za mwanzo alizofika karakana, kazi ilikwenda vizuri. Mara ya nne ilikuwa siku ya kuweka mboni, na hapo msikilizaji atege sikio, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Kabla jicho halijawa jicho, huwa la nta. Fundi huiweka nta mahali pake, kisha huipachika mboni juu ya nta na kuisogeza, unywele huku, unywele kule, mpaka ilingane na jicho zima. Mgonjwa lazima anyooshe shingo na kutazama mbele. Shingo ikiinama, jicho zima hupanda juu lenyewe ili lione mbele, na fundi asipoangalia ataipandisha na mboni ya bandia. Fundi wetu alilijua hili kama jina la mama yake. Alikuwa na desturi: mgonjwa asimame, atembee hadi mlangoni, arudi, akae, apimwe; mara tatu, hata kama ni jaji.

Siku ile mganga mkuu aliingia na wageni wanne wenye suti, mmoja na kamera shingoni.

"Endelea, Fundi, endelea, usitujali," alisema mganga mkuu. "Wageni wanataka kuona mikono inayofanya maajabu."

Karani akainamisha kichwa. Nani angependa kutazamwa na suti nne akiwa na nta jichoni? Kidevu kilimgusa kifua. Fundi akapinda naye, akaipachika mboni huku amewageukia wageni na mdomo unakwenda: alivyoanza na meno, alivyojifunza rangi mwenyewe, mama aliyemletea kuku wawili wa shukrani. "Mimi sitengenezi jicho," alisema, na maneno haya alikuwa ameyasema mara nyingi, "natengeneza mtu." Suti zikapiga makofi. Kamera ikalia. Hakumsimamisha karani. Hakumtembeza. Nta ikaingia kwenye plasta jioni ile ile, na ikishaingia humo mboni haisogezwi tena.

Wiki mbili baada ya kuvaa jicho, karani alirudi. Alisimama mlangoni akifinya mkoba.

"Fundi, jicho ni zuri, Mungu akubariki. Ila watu wananiuliza natazama nini darini."

"Nani hao?"

"Wote. Jana mteja kaangalia juu naye. Kadhani kuna mjusi."

Fundi aliliona kosa kabla karani hajakaa. Lilikuwa kubwa kama mlango. Jicho zima lilimtazama yeye, na lile alilolitengeneza lilitazama taa. Dawa yake aliijua: aseme nimekosea, dada, nipe siku nne. Maneno mafupi tu. Lakini picha yake na karani, iliyochapishwa kubwa, ilikuwa imetundikwa ukumbini asubuhi ya juzi yake, na wauguzi walikuwa bado wanampa mkono.

"Jicho halina kosa," alisema. "Ni wewe unanyanyua kidevu mno. Ulikaa ndani muda mrefu, shingo imesahau. Hebu teremsha kidogo. Kidogo tena. Hapo! Njoo uone."

Akampa kioo. Karani alijitazama, kidevu chini, na kweli macho yote mawili yalikuwa yakitazama mahali pamoja.

"Kumbe ni mimi!" alicheka kwa haya. "Nisamehe, fundi, nimekusumbua bure."

"Utazoea tu," alisema Fundi. "Jicho huzoeleka."

Akaondoka akishukuru, na huku anaondoka anafanya mazoezi.

Mtu akimeza mwiba, kwa siku chache za mwanzo hula vitu laini. Fundi alikuwa mpole mno kwa wagonjwa mwezi ule. Halafu mwiba ukakaa vizuri, akausahau, au tuseme aliacha kuugusa. Mwaka ukapita, na miezi minne juu yake.

Siku moja aliitwa posta kuchukua unga na rangi alizoagiza. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake wanaume wawili walikuwa wanataniana.

"Leo nani yuko dirishani?"

"Bi Samahani."

"Aa, basi tutahudumiwa kwa adabu. Huyo hata ukimtukana anainama."

Fundi alinyoosha shingo aone huyo Bi Samahani. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mrefu, kidevu kimezama kifuani, akiwatazama watu kwa chini kama mtoto aliyevunja sahani. Alipotaka kuona namba kwenye rafu ya juu hakuinua kichwa. Alirudi nyuma hatua tatu, akapinda kiuno kwa nyuma. Mara mbili alishika shingo yake na kuikanda, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Fundi alitaka kutoka. Angetoka, ila karani alimwona.

"Fundi! Jamani, fundi wangu!" Alifungua kile kijimlango cha pembeni, akatoka, akamshika mkono mbele ya foleni nzima. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyenirudishia uso. Leteni kiti. Hapangi foleni huyu."

"Hapana, dada, nitangoja tu kama wengine."

"Ungoje nini? Mimi nilingoja?"

Watu walicheka kwa wema. Mzee mmoja alimpa Fundi mkono. Kiti kikaletwa, na Fundi akakaa juu yake kama anayekaa juu ya makaa. Msimamizi wa posta, mama mnene mwenye miwani, alitoka ofisini kuja kumsalimia.

"Umemfanyia kazi nzuri sana," alimwambia kwa sauti ya chini karani aliporudi dirishani. "Pasipo kujua huwezi kutambua. Tatizo ni moyo wake tu. Ajali ilimvunja. Zamani mwanamke huyu akisema 'nyoosheni foleni' hata mimi nilikuwa nanyooka. Nilimpendekeza awe mkuu wa kaunta mara mbili, na wakubwa wakaja wakamwona, wakasema hawezi kumtazama mtu usoni. Nikakubali. Maana kweli, hawezi."

Fundi alichukua boksi lake na kusahau kutia saini. Karani mwenyewe alimkimbilia barabarani na kitabu. "Hapa, fundi. Umechoka wewe, unafanya kazi mno." Alipompa kalamu alimtazama kwa chini, kwa lile jicho zima na lile la bandia, yamelingana vizuri kabisa.

Nyumbani mkewe alipakua chakula, akangoja, akapakua maneno.

"Baba watoto, wali umekukosea nini?"

"Sina njaa."

"Mtu asiye na njaa hulisukuma tonge. Wewe unalitazama kama umefiwa nalo."

Alimweleza. Alianza na wageni, akapitia kamera, na kila alipokaribia pale penyewe alirudi kueleza tena kuhusu suti. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alimwacha azunguke mpaka uzi ukaisha.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Mimi nikikosea mkono wa gauni, nafumua. Simwambii mteja apinde bega."

Kukemewa na mke hakukumkera. Kilichomkera ni kwamba alikuwa ameshayasema yote hayo mwenyewe njiani, na yalikuwa yamemsaidia kidogo, na sasa yalipotoka mdomoni mwa mwingine hayakumsaidia hata kidogo.

"Nitamtengenezea jingine," alisema.

"Na utamwambia nini?"

"Nitamwambia macho hubadilishwa. Na ni kweli, hubadilishwa."

Mkewe alifunika sufuria. "Haya," alisema. Katika ndoa ya miaka ishirini na sita, "haya" hiyo ilikuwa na uzito wa gunia.

Alimpigia karani simu, akamwita kwa uchunguzi wa kawaida, bure kabisa. Karani alikuja na mfuko wa machungwa. Fundi alilitoa jicho, akaliosha, akaligeuza geuza mbele ya dirisha kama mtu anayetafuta ufa.

"Limechakaa, dada. Tutatengeneza jipya."

"Limechakaa wapi? Mbona linang'aa?"

"Ndani kwa ndani. Hivi vitu hubadilishwa."

"Hapana, fundi." Karani alisema kwa upole, amefunika tundu la jicho kwa kitambaa. "Nakushukuru, lakini hapana. Hili nimeshalizoea. Hujui nimehangaika vipi. Miezi miwili ya kwanza nilibandika karatasi ukutani, 'kidevu'. Nilikuwa nakula kidevu chini, natembea kidevu chini. Watoto wa dada walikuwa wananikumbusha: mama mdogo, umenyanyua! Shingo inaniuma kila jioni, wananisugua kwa zamu. Lakini nimelipata, si umeona? Sasa unipe jipya nianze upya kujifunza? Sina nguvu hizo. Nirudishie langu."

Akanyoosha kiganja.

Fundi alisimama na jicho mkononi. Angeweza kulirudisha. Lingeingia mahali pake, karani angekwenda zake akishukuru, na machungwa yangebaki mezani. Hakuna mtu duniani angejua isipokuwa fundi cherehani mmoja, na huyo alikuwa ameshasema "haya" yake.

"Dada, sikukufundisha namna ya kukiweka kichwa," alisema. "Nilikudanganya."

"Nini?"

"Mboni niliiweka juu mno. Siku ile ya wageni. Ulikuwa umeinama na mimi nilikuwa natazama kamera. Kidevu chako hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu."

Kiganja cha karani kilikuwa bado kimenyooka.

"Ulijua lini?" aliuliza mwishowe.

Fundi alikuwa na majibu mawili tayari, yote yenye mlango wa nyuma. Akayaacha.

"Siku uliyokuja kuniambia habari za dari. Kabla hujakaa."

"Kabla sijakaa."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuomba msamaha." Alisema kama anayesoma maandishi ya mbali. "Nilikuomba msamaha, fundi. Na wewe ukaupokea."

Fundi alitaka kusema anaona aibu, lakini aliona kwamba hata hilo lingekuwa ni kuomba kitu. Karani aliinuka, akaenda hadi dirishani na kumpa mgongo. Aliporudi uso ulikuwa mkavu.

"Siku ngapi?"

"Nne. Kama kazi haikosewi."

"Haitakosewa. Mara hii nitaisimamia mimi."

Na aliisimamia kweli. Hakuleta machungwa, hakusema "fundi wangu". Alisema "fundi", kavu, kama mtu anavyosema "dereva" akitaka kushuka. Siku ya nta, yeye mwenyewe alisimama, akatembea hadi mlangoni, akarudi, akakaa. "Mara ngapi?" "Tatu." Alitembea tano. Shingo ilitetemeka kwa kunyooshwa, na machozi yakamtoka jicho zima kwa maumivu, lakini hakuishusha. "Nitazame," alisema, "usitazame nta tu." Fundi akamtazama. Katika miaka yote ya kukaa goti kwa goti na watu, ilikuwa mara ya kwanza kwake kuona kazi hii ina pande mbili, na kwamba mgonjwa naye humwona fundi kwa karibu, kila kinyweleo.

Siku ya nne jicho lilikaa. Karani alishika kioo, kidevu juu. Macho mawili yalitazama mbele, sawasawa, bila dari wala sakafu. Hakutabasamu, lakini alikaa nalo muda mrefu.

"Tembea kidogo," Fundi alisema.

Alitembea. Hatua ya kwanza vizuri, ya pili vizuri. Ya tatu kidevu kilianza kuteremka chenyewe, taratibu, kama mnyama anayeijua njia ya zizini, na alipofika mlangoni kilikuwa kifuani. Aligeuka. Jicho zima lilimtazama Fundi. Lile jipya lilitazama vigae vya sakafu.

Fundi alifungua mdomo amwambie inua. Akaufunga. Amri juu ya kidevu hicho alikuwa ameshaitumia vibaya, haikuwa yake tena.

"Nimeshuka," alisema karani.

"Umeshuka."

"Jicho umelitengeneza. Shingo je?"

"Shingo siiwezi, dada. Kuna wataalamu wa mazoezi ghorofa ya pili, nitakupeleka mimi mwenyewe. Lakini itachukua muda. Labda mwaka kama uliopita."

Karani alichukua mkoba wake. "Huko nitakwenda," alisema. "Ila kwanza vaa viatu vyako vya barabarani."

"Twende wapi?"

"Kazini kwangu. Wale watu watakaa mwaka mwingine wananiona nimeinama. Siwezi kumweleza kila mmoja. Utawaeleza wewe, mara moja, wote wasikie."

Walikwenda kwa miguu, yeye mbele, Fundi nyuma. Ilikuwa saa nne asubuhi na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Karani aliingia nyuma ya kaunta, akavua koti, akamwita msimamizi atoke ofisini. Safari hii hapakuwa na kiti. Fundi alisimama katikati ya sakafu na watu wakamgeukia, mmoja ana boksi kichwani, mwingine anakula karanga.

"Huyu dada mnayemwona ameinama, hakuvunjika moyo. Mimi ndiye niliyemtengenezea jicho, nikalikosea, na alipokuja kuniambia nikamwambia kosa ni lake. Nikamwambia ainame. Ameinama mwaka na miezi minne kwa sababu mimi niliona haya kusema nimekosea. Hamwogopi mtu hapa. Ni hilo tu."

Mwenye karanga aliacha kutafuna. Mtu mmoja nyuma alisema, "Lo! Na picha yake ipo hospitalini," na mwingine akamnyamazisha. Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama karani badala ya Fundi, kwa muda mrefu, kama anayesoma upya barua aliyoijibu vibaya.

Fundi alibaki amesimama. Hakujua mtu aliyemaliza kusema jambo kama lile hufanya nini na mikono yake.

"Umemaliza?" aliuliza karani.

"Nimemaliza."

"Basi sogea pembeni, unazuia watu." Akagonga kaunta kwa kalamu, na sauti yake ikajaa chumba. "Nyoosheni foleni! Nani anafuata?"

Foleni ikanyooka. Msimamizi naye, pale alipokuwa, akanyooka. Fundi alisogea pembeni, akapita kando ya watu mmoja mmoja, na kila mmoja alimpa nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Akatoka nje, akarudi hospitali, ambako mgonjwa wa saa tano alikuwa ameshafika na anamngoja kwenye benchi.